Mafia: Tazama Mwezi Kabla ya Kukodi Chumba

Msikilizaji, wengi wanaopanga safari ya Mafia huanzia mwishoni. Hukodi chumba, hukata tiketi, ndipo wanapoulizia kisiwani kuna nini cha kuona. Kwa kisiwa hiki, mpango huo ni wa kichwa chini, miguu juu. Vinavyowavuta watu huko, mkabala na delta ya Rufiji, ni papa potwe, kasa na magofu ya Kua, na kila kimoja kina msimu wake au saa yake ya maji. Asiyetaka kurudi mikono mitupu aanze na kalenda ya bahari, chumba kifuate.

Tuanze na papa potwe. Huonekana upande wa mji wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, wanaposogea karibu na pwani kula uduvi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti waligundua kwamba miezi mingine wengi wao hawahami Mafia. Hukaa tu mbali zaidi na pwani, kwenye kina kirefu. Kwa hiyo aliyekwenda Julai asiwaone, asimlaumu nahodha. Lakini katikati ya mwaka kisiwa jirani cha Juani kina yake: kasa hutaga katika fukwe zake, mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili, kisha vifaranga hufukuka na kukimbilia majini. Juani hiyohiyo ndiko iliko Kua, mji wa Waswahili uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na kubaki mahame. Misikiti, makaburi na jumba la watawala bado vimesimama kati ya miti, lakini chombo hufika vizuri maji yakiwa yamejaa. Siku za bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Mgeni aliyezoea kutoka baada ya chai ya asubuhi atakuta matope. Na si wageni tu wanaoamriwa na maji: Wajerumani waliweka makao yao ya utawala kwenye kisiwa kidogo cha Chole, lakini mwaka 1913 wakayahamishia Kilindoni, kwenye kina cha kutosha kwa meli kutia nanga.

Yupo atakayesema kwamba mfanyakazi hachagui likizo yake, bosi ndiye anayeichagua. Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuijua kalenda. Mwenye likizo ya Desemba apange papa potwe. Mwenye likizo ya Juni aulizie kasa, kisha aipe Kua siku nzima. Chole inafaa mwaka mzima: mafundi wake wanajulikana kwa kuunda majahazi, na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana ni wa jamii inayopatikana Komoro, si bara. Mwingine atasema Mafia ni ya wenye fedha. Ndege ni ghali, sikatai, lakini wenyeji wengi hupita Nyamisati, upande wa bara, na kuvuka kwa boti. Njia hiyo nayo hutegemea upepo na maji, hivyo atakayeifuata aweke siku moja ya akiba, hasa kusi ikivuma. Na wapo wanaoona magofu ni mawe tu. Mawe hayo yanaonyesha kwamba watu wa visiwa hivi walijenga mji na kuswali katika misikiti ya mawe kabla hajafika Mjerumani. Mtoto wa shule atakayeongozwa pale na mwenyeji wa Juani ataelewa zaidi ya anachopata kwenye kitabu.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 kwa sababu matumbawe, samaki na fukwe hizi havistahimili kila pupa. Msafiri anayefuata msimu hana haja ya kumshurutisha nahodha amfukuzie samaki asiyekuwepo, wala kuburuta chombo juu ya matumbawe maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujalipa hata shilingi, uliza mambo matatu: ni mwezi gani, mwezi angani una siku ngapi, na maji yatajaa saa ngapi. Ukishajibiwa, kodi chumba.