Karata Inayompiga Kila Mtu Sawasawa

Madaftari yawe tayari, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Tutasikiliza, halafu ndipo tutaandika.

Mama mmoja wa darasa la Ilongero ametuletea swali. Mwanawe anasoma mjini, naye alirudi likizo na karata za picha. Si karata tulizozizoea, zenye kopa, uru, shupaza na pau. Mama akakaa kumtazama akicheza na rafiki yake. Mara kijana akaweka karata moja, na viumbe wote waliokuwa mezani wakafa, wake na wa mwenzake pia. Mama anauliza: Je, mtu mwenye akili huchoma nyumba yake ili aunguze ya jirani?

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Unaitwa Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Richard Garfield, Mmarekani, mtaalamu wa hesabu, nao ulianza kuuzwa mwaka 1993. Katika karata zetu sote tunagawiwa kutoka jozi moja. Katika mchezo huu kila mtu huja na jozi yake, aliyoikusanya na kuipanga mwenyewe nyumbani, kwa kawaida karata zisizopungua 60. Mchezaji huanza na karata 7 mkononi na uhai wa pointi 20. Uhai ukifika 0, ameshindwa. Karata nyingine ni ardhi, nazo humpa nguvu za kulipia karata zake. Nyingine ni viumbe wa kupigana. Nyingine ni kama radi: hupiga mara moja, zikaisha.

Karata aliyoiona mama yaelekea ni ile iitwayo Wrath of God, yaani ghadhabu ya Mungu, au mojawapo ya zile zinazofanana nayo. Ilikuwamo tangu mwaka ule wa 1993. Bei yake ni nguvu 4, na kazi yake ni kuua viumbe wote waliopo mezani, bila kuuliza ni wa nani.

Sasa sikilizeni vizuri. Aliyeiweka alijua tangu nyumbani kwamba ataiweka. Kwa hiyo hakujaza viumbe mezani. Aliweka mmoja tu, wengine akawabakiza mkononi. Mwenzake, kwa pupa, ameweka watano. Karata ikipiga, huyu amepoteza kiumbe 1 pamoja na karata yenyewe, jumla karata 2. Mwenzake amepoteza 5. Basi, mama, hakuichoma nyumba yake. Alikuwa amekwisha kuhamisha vyombo.

Iko nyingine iitwayo Armageddon. Hiyo huharibu ardhi zote za wachezaji wote. Mjinga huiweka mapema, akabaki maskini pamoja na mwenzake. Mjuzi hungoja mpaka viumbe wake wapo mezani wanapigana, ndipo anapoiweka. Mwenzake hana tena nguvu za kulipia chochote cha kujitetea. Yaani aliyekwisha kuvuna ndiye anayechoma mashamba.

Wafugaji wa Singida wanaijua hesabu hii bila kushika karata. Ukame ukija hauchagui boma. Lakini mzee aliyewagawa ng'ombe wake, hawa kwa shemeji, wale kwa rafiki wa mbali, hapati hasara sawa na yule aliyewajaza wote katika zizi moja. Tofauti ni kwamba ukame hauletwi na mtu kwa kuchagua siku. Karata huletwa na mtu. Na amri ya mkutanoni vilevile. Mtu akisimama na kusema, “Kila nyumba itoe mbuzi 2, sote sawasawa,” mwenye mbuzi 40 anabaki na 38, mwenye mbuzi 3 anabaki na 1. Neno ni lile lile, mzigo si ule ule. Mimi nikisikia neno “sawasawa” hutazama kwanza zizi la yule anayelisema.

Tena kuna karata iitwayo Balance, maana yake mizani. Hii hushusha wote mpaka kwa aliye na kidogo. Kama wewe una ardhi 2 na mwenzako ana 6, naye atabaki na 2. Hufanya hivyo kwa ardhi, kwa viumbe, na kwa karata za mkononi. Bei yake ni nguvu 2 tu. Katika aina moja ya mashindano mtu huruhusiwa kuwa nayo moja tu katika jozi yake, na katika nyingine imekatazwa kabisa.

Wageni wa mchezo hupenda zaidi karata ya Howling Mine, kwa kuwa ni ya neema. Kila mchezaji huvuta karata moja zaidi katika zamu yake. Lakini wewe unaiweka baada ya kuvuta karata yako ya zamu ile. Basi anayefaidi kwanza ni mwenzako. Umechimba kisima, jirani amekutangulia na ndoo.

Sasa tuje kwenye fujo yenyewe. Mwaka 2005 ilitoka karata iitwayo Warp World, bei yake nguvu 8. Kila mchezaji huhesabu vitu vyake vyote vilivyo mezani, huvichanganya katika jozi yake, kisha hufunua karata za juu kwa idadi ile ile. Ardhi, viumbe na vitu vingine vya kukaa huingia mezani. Karata za radi haziingii; huwekwa chini ya jozi.

Hakuna ajuaye karata gani itatokea. Lakini idadi inajulikana! Wa kwanza ana ardhi 8, na viumbe wadogo 6 walioletwa na karata nyingine, wasio na karata zao wenyewe. Nao huhesabiwa. Anafunua karata 14. Jozi yake ina radi chache, tuseme 2 zinapotea, 12 zinaingia. Mwenzake ana vitu 10. Nusu ya jozi yake ni radi, basi zinaingia kama 5.

Aliye mbele hana haja ya kuchanganya mambo. Fujo inamfaa aliye nyuma, maana hana kikubwa cha kupoteza. Wakiwa wachezaji wanne, fujo za kila zamu huchosha, watu wakaanza kutazama saa.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni maneno haya: sawasawa, ardhi, ghadhabu, mizani, hasara. Kisha fanyeni hesabu hii. Mchezaji wa kwanza ana viumbe 2 mezani na 3 mkononi. Wa pili ana viumbe 6 mezani, mkononi hana kitu. Wa kwanza anaweka karata ya kuua viumbe wote waliopo mezani. Kila mmoja amepoteza wangapi, na amebaki na wangapi? Mwalimu wenu atasahihisha. Kwaherini.