Paka wa Ndani na Baridi ya Nyanda za Juu za Kigoma: Mada kwa Wafugaji na Maofisa Ugani wa Kibondo, Kasulu na Kakonko

Katika nyumba nyingi za huku kwetu paka ni mlinzi wa chakula. Mahindi na maharage yakishavunwa na kuingizwa ndani, panya huyafuata humo humo, akiwemo panya shamba, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi kwa hasara anayowatia wakulima. Lakini tukizungumzia matunzo ya paka, mazungumzo huishia kwenye chakula na chanjo ya kichaa cha mbwa. Joto na baridi havitajwi. Hoja ya mada hii ni kwamba paka wa ndani hahitaji nyumba nzima iwe na joto la kiwango fulani. Anahitaji kuchagua: pawepo mahali pa joto na mahali pa ubaridi chini ya paa moja, na njia ya kutoka hapa kwenda pale iwe wazi usiku na mchana. Na katika nyanda hizi, kinachosahauliwa zaidi ni baridi.

Joto la mwili wa paka mzima mwenye afya ni kati ya nyuzi 38 na 39, juu kidogo ya letu. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu lishe ya mbwa na paka, linaeleza kuwa mwili wa paka hautumii nguvu ya ziada kujipasha wala kujipoza pale hewa inapokuwa kati ya nyuzi 30 na 38. Sasa tuangalie kwetu. Mkoa wa Kigoma unaanzia takriban meta 800 kutoka usawa wa bahari, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kupanda hadi karibu meta 1,750. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, anga huwa jeupe na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, mabondeni hata chini ya hapo. Chumba ambacho mtu aliyejifunika blanketi anakiona cha kawaida, paka anakikuta kina upungufu mkubwa wa joto, na pengo hilo hulijaza kwa chakula alichokula.

Paa nalo lina neno. Bati hupokea jua la mchana na kulishusha chumbani, kisha usiku hupoa upesi, na pasipokuwa na dari baridi huingia moja kwa moja. Nyasi hupunguza yote mawili. Turubai ni baya kuliko bati, na eneo hili linalijua vizuri: kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena Januari 2016 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2021 na wakazi wake kuhamishiwa Nduta, watu wengi walianzia maisha kwenye mahema. Chini ya paa la namna hiyo, siku moja ina majira mawili, na kiumbe aliyefungiwa humo hupigwa na yote.

Wapo watakaosema paka ana manyoya, na kwamba asili yake ni paka pori wa Afrika anayelala porini bila kuhudumiwa na mtu. Ni kweli, na paka mzima mwenye afya hafi kwa nyuzi 15. Lakini paka pori huota jua asubuhi, hujificha kivulini adhuhuri na huingia shimoni anapotaka, na hakuna anayemfungia mlango. Manyoya nayo yakilowa mvua za masika hayazuii baridi tena. Zaidi ya hapo, si kila paka ni mzima. Vitoto katika wiki ya kwanza haviwezi hata kutetemeka ili kujipasha. Vinahitaji kiota chenye joto la karibu nyuzi 30, na mama akitoka kuwinda usiku wa Julai vikabaki kwenye sakafu ya saruji, hupoa, hushindwa kunyonya na kufa. Paka mzee na mgonjwa nao wako katika hatari.

Paka asiyepewa mahali pa joto hujitafutia, na mahali penyewe ni jikoni, kwenye majivu kati ya mafiga. Huko huungua nyayo na manyoya, na anayewasha moto alfajiri kabla hakujapambazuka huenda asimwone. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Jambo hilo lisifanyike kamwe, kwa ajili ya paka wala ya watu: hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na huua waliolala.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba paka akistareheshwa atakuwa mvivu na panya watatamba. Ushahidi hauko upande huo. Katika jaribio la Robert Adamec lililochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa wakila chakula wakipendacho walikiacha ili kumuua panya aliyetokea, kisha wakarudi kula. Uwindaji wa paka hausubiri njaa. Anayepunguza uwindaji ni paka aliyejikunja jikoni usiku kucha akikwepa baridi, ilhali panya wako ghalani.

Gharama nayo si kisingizio. Boksi la katoni linalomtosha paka akijikunja tu, si kubwa, maana boksi kubwa halishiki joto la mwili. Chini gunia kavu, juu yake kipande cha kanga kuukuu. Liinuliwe juu ya matofali mawili, na mdomo wake usielekee mlangoni. Likae ndani au karibu na ghala. Kwa joto la mchana, hasa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijashika, yatosha maji safi na sehemu ya sakafu isiyofikiwa na jua. Kumfungia paka mchana kutwa kwenye stoo ya bati ili akamate panya ni kumweka hatarini. Tobolewe tundu la kumtosha chini ya mlango. Paka anayehema mdomo wazi amezidiwa: ahamishiwe kivulini, nyayo na masikio yaloweshwe kwa maji ya kawaida, na afisa mifugo aitwe.

Paka mwenyewe ndiye kipimo. Akijikunja akaficha pua chini ya mkia na kukunjia miguu tumboni, anaona baridi. Akijinyoosha ubavu sakafuni, ana joto la kutosha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amkinge mnyama wake dhidi ya mateso yanayoepukika, na haya yanaepukika. Ninaomba maofisa ugani waliopo hapa waliingize suala hili kwenye mafunzo ya uhifadhi wa mavuno, na mafunzo hayo yafanyike Mei, kabla baridi haijaingia.