Kiumbe cha Jirani Mikononi Mwetu



Leo tuzungumze juu ya neno dogo ambalo laweza kumpata yeyote kati yetu. Twatoka nje asubuhi, na chini ya ua twamwona ndege asiye wa porini: kasuku mdogo wa kijani au wa buluu, wa jinsi ile inayofugwa katika vitundu. Amejivimbisha manyoya, anahema mdomo wazi, na mkia wapanda na kushuka kwa kila pumzi. Watoto wamekwisha kumzunguka, na paka yu karibu. Yatupasa kufanya nini?

Wengine husema, "Mwacheni aende zake, Mungu atamlisha." Ni kweli, Bwana alifundisha kwamba hata shomoro haanguki pasipo Baba kujua. Lakini kasuku huyu asili yake ni Australia, naye amezaliwa kitunduni na kulishwa kwa mkono wa mtu. Hajui kutafuta chakula, wala hajui kumkimbia mwewe. Kumwachilia si kumpa uhuru, ni kumtupa. Na pengine Baba aliyemwona akianguka ametutuma sisi.

Basi kwanza, tumshike kwa upole. Tuwaondoe watoto na paka, tumfunike kwa kitambaa chepesi, ndipo tumwinue. Tusimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama sisi. Hupumua kwa kutanua kifua chake. Mkono ukikaza, aweza kufa mikononi mwa yule yule aliyetaka kumwokoa.

Pili, tumpe giza, joto na kimya. Boksi la katoni lenye matundu latosha. Kasuku mdogo ana uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi, na joto la mwili wake ni kama digrii 41, kwa hiyo akiugua hupoa upesi. Tufunge chupa ya maji ya moto kwa kitambaa, tuiweke upande mmoja tu, ili joto likizidi apate kusogea. Boksi lisikae jikoni, maana moshi wa jiko humdhuru ndege upesi kuliko mtu.

Tatu, tusimlishe kwa nguvu. Maji yakimiminwa mdomoni huingia katika njia ya pumzi. Tumwekee maji katika kisahani, na mtama au uwele kidogo, kisha tumwache apumzike. Haraka haraka haina baraka. Tusimpe maziwa, na parachichi ni sumu kwake. Lakini akitoka damu, au akizidi kuhema, au akiwa ameguswa na meno ya paka hata kidogo, tumpeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile, kwa sababu mate ya paka yaweza kumwua ingawa jeraha halionekani. Tunawe mikono, wala tusimchanganye na kuku wetu, tusije tukaeneza ugonjwa.

Nne, tumtafute mwenyewe. Hapa ndipo penye jaribu. Ndege amepona, ameanza kulia vizuri, watoto wamempa jina, nasi twasema, "Mungu ametupa." Je, ametupa, au ametukabidhi tu? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliamriwa wasijifiche wamwonapo ng'ombe au kondoo wa ndugu yao amepotea. Wasipomjua mwenyewe, wamtunze mnyama nyumbani mpaka atafutwe, kisha wamrudishe. Huenda nyumba ya tatu kutoka kwetu yuko mama mzee aishiye peke yake, na sauti ya ndege huyu ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi. Leo nyumba yake ni kimya.

Basi tuwaambie majirani, tutangaze dukani na kanisani. Ikiwa mguuni ana pete yenye nambari, tusiitaje; anayedai ndege ndiye atuambie. Na akiwa ni kasuku mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tuwaarifu watu wa KWS. Ndege huyo tangu mwaka 2016 mataifa yamekubaliana kumpa ulinzi mkali kuliko wote katika biashara ya kimataifa, na sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 yataka kibali kwa anayefuga viumbe kama hao.

Wapendwa, kiumbe cha gramu 30 ni kitu chepesi sana mkononi, lakini chaweza kuupima moyo wa mtu. Anayemrudisha ndege ambaye hakuna aliyemwona akimwokota, huyo hata fedha za kanisa zaweza kuwekwa mikononi mwake bila hofu. Na anayejifunza kutuliza kiumbe chenye hofu pasipo kukibana, atajua pia namna ya kumpokea mtoto aliyepotea, au mgeni aliyechoka.

Bwana atupe mikono ya upole na mioyo minyofu. Amina.