Utumbo Ukishaunganishwa, Mgonjwa Bado Anatuhitaji

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wahudumu wa afya ya jamii na wakazi



Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari. Lakini baba yangu aliugua saratani ya utumbo, akapasuliwa, akaishi na mfuko wa kinyesi tumboni kwa miezi kadhaa, kisha utumbo ukaunganishwa tena. Ameniruhusu niyaseme haya, mradi nisiweke picha yake kwenye jarida.

Mfuko ulipoondolewa tulichinja mbuzi. Tulidhani mambo yamekwisha. Baada ya muda mfupi mzee akaacha kwenda kanisani, kisha akaacha kwenda sokoni. Siku ya kliniki hakula wala kunywa chochote tangu jioni iliyotangulia, asije akaaibika ndani ya matatu. Alifika huko akaanguka kwa kupungukiwa na maji mwilini. Nasi nyumbani tulikuwa tukinong'ona kwamba mzee amekuwa mkali siku hizi!

Aliyemuuliza anaenda choo mara ngapi ni muuguzi. Akajibu: mara 12 mchana, mara 4 usiku. Mimi mwanawe, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali, sikuwa nimeuliza.

Muuguzi alitueleza hivi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ni kama ghala. Hushika kinyesi mpaka mtu apate nafasi. Ikikatwa, ghala limeondoka. Kinyesi huja kidogo kidogo, kwa haraka, na mtu akidhani amemaliza anarudi tena. Waliotibiwa kwa mionzi huweza kupata shida zaidi. Kwa wengi hali hupungua polepole katika mwaka wa kwanza na wa pili, ingawa wengine hubaki nayo. Si uzembe wala si kurogwa.

Na kuna namna ya kusaidiwa. Mzee alipewa dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo. Hiyo msijinunulie dukani, kwa maana kuhara kwa maambukizi ni jambo jingine na dawa hiyo inaweza kudhuru. Alifundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya njia ya haja, kama mtu anayezuia upepo. Anayafanya akisikiliza taarifa ya habari. Wali, ndizi na viazi vilimtuliza. Pilipili, maharagwe na kahawa vilimsumbua, lakini matumbo hayafanani, kwa hiyo tuliandika kwenye daftari alichokula na kilichofuata. Ngozi iliyochubuka tuliosha kwa maji, tukaikausha kwa kitambaa laini bila kusugua, tukapaka mafuta ya kukinga. Maji hakuacha kunywa tena.

Si wagonjwa wa saratani tu wanaokatwa utumbo. Wapo waliojipinda utumbo, waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo, walioumia ajalini, na watoto waliozaliwa bila tundu la haja.

Wahudumu wetu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata miaka mingi iliyopita, akianza kutapika, tumbo likavimba na kuuma, asipitishe choo wala upepo, huenda utumbo umeziba. Asipewe dawa ya kuendesha. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo aliyetoka hospitali juzi kisha akapata homa na maumivu makali ya tumbo: huenda maungio yanavuja. Na ambaye bado ana mfuko, sehemu ya utumbo iliyo nje inapaswa kuwa nyekundu na yenye unyevu. Ikigeuka nyeusi, msingoje asubuhi.

Sasa niseme la sokoni. Choo cha umma ni Sh10. Kwa mwenye afya ni kitu kidogo. Kwa anayeingia mara 6 kabla ya adhuhuri ni Sh60, na hiyo ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya na ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Nimeiandikia idara husika ikubali kadi ya kliniki badala ya ada. Bado nasubiri jibu, na wakubwa wangu waliopo hapa wamenisikia. Wenye maduka na wachungaji hawahitaji kusubiri barua: mtu akiomba choo, mfungulie bila kumhoji.

Mzee amerudi kanisani. Hukaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, na washirika wameshajua kwamba kiti kile hakikaliwi na mtu mwingine.

Maswali nayakaribisha. Mwenye jambo asilotaka kulisema hadharani, muuguzi wetu atakuwa pale nyuma ya hema mpaka saa kumi.