Tusiseme Ni Uzee Tu: Sukari na Damu ya Ubongo



Nilipoambiwa nije kuzungumza juu ya sukari, najua wengi mlidhani mtasikia yale yale: macho, figo, na mguu unaokatwa. Hayo mmeyasikia, na ni kweli. Leo nataka kusema habari ya kiungo ambacho sukari inakigusa polepole, bila kidonda wala kelele, na mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Ubongo.

Nianze na mama yangu. Mimi ni muuguzi, nimekaa na wagonjwa wa sukari miaka mingi, lakini hili nililiona nyumbani kwetu na bado nikachelewa kulielewa. Mama ndiye aliyekuwa akiweka hesabu ya chama cha kina mama wa mtaa wetu. Wanawake 28, na daftari hakuwa nalo. Nani ametoa, nani bado, zamu ya Ijumaa hii ni ya nani, yote kichwani. Sukari ilimpata akiwa na miaka 50. Ilipofika kama mwaka wa kumi na mbili, akaanza kukosea. Mtu mmoja akampa zamu mara mbili. Kukawa na maneno. Wako waliosema amekula pesa za watu. Jirani mmoja akasema, kwa sauti ya chini kabisa, ati amefanyiwa. Na sisi watoto wake tukasema, "Ah, ni uzee tu." Jamani, miaka 62 ni uzee gani?

Sasa nisikilizeni. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna ghala. Misuli inaweka akiba yake, ini linaweka, ubongo karibu hauweki kitu. Unaishi kwa kinacholetwa na damu dakika kwa dakika. Tena haitaki damu ya kupita tu. Ukianza kupiga hesabu, au kukumbuka jina la mtu, ile sehemu ya ubongo inayofanya kazi inaita damu zaidi, na mishipa ya pale inafunguka kwa sekunde chache. Ukimaliza, inarudi. Kama mfereji: unaufungua unapohitaji maji, unaufunga.

Kinachofungua ule mfereji ni utando mwembamba sana ulio ndani ya mshipa. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, utando ule unaharibika na mshipa unakuwa mgumu. Si mnaujua mpira wa maji? Ukiwa mpya unaubonyeza, unarudi. Uache juani miaka miwili, uone. Maji yatapita, lakini mpira hautanuki tena. Basi mtu mwenye sukari ya muda mrefu anaweza kukaa ametulia, damu inafika, mnazungumza vizuri. Mpe kazi ya kufikiri mambo mawili kwa pamoja, hapo ubongo unaita damu na damu haiji kama inavyotakiwa.

Kule Boston, Marekani, madaktari walilipima jambo hili, wakalitangaza mwaka 2015. Walichukua watu 40, umri wao kwa wastani miaka 66. 19 kati yao walikuwa na sukari, 21 hawakuwa nayo. Wakawapima mwanzo, wakawapima tena baada ya miaka miwili. Miaka miwili tu! Wale wenye sukari, uwezo wa ubongo wao kuongeza na kupunguza damu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 65. Katika mtihani mmoja wa kujifunza na kukumbuka, alama zao zilitoka 46 zikaenda 41. Wale wasio na sukari walibaki kwenye 55 yao. Na wale ambao mishipa yao ilikuwa mizito tangu mwanzo ndio waliorudi nyuma zaidi katika mambo ya kila siku: kuoga, kupika.

Ni utafiti mdogo, watu 40 si wengi. Lakini kabla yake, mwaka 1999, madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, walikuwa wameshatoa habari za wazee zaidi ya 6,000 waliowafuatilia, na waliona mwenye sukari ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni. Karibu mara mbili haimaanishi kila mwenye sukari atapata. Wengi hawapati. Nisiwatishe.

Alama zake si kusahau tu, na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Tunangoja mzee asahau majina ya wajukuu. Kumbe mara nyingi kinachotangulia ni uzito. Mtu anachelewa kujibu. Mama yangu alikuwa akipika pilau ya harusi, sufuria tatu kwa pamoja, huku anakutumia dukani na anamkemea mtoto. Akafika pahali sufuria moja inamchanganya: vitunguu vimeungua, anashika bizari, anairudisha, anaishika tena. Nikamwambia, "Mama, si uangalie unachofanya!" Nilimfokea. Muuguzi mzima.

Sasa angalieni mtego ulivyo. Sukari ni ugonjwa unaotaka mgonjwa mwenyewe awe na akili timamu. Akumbuke vidonge, ahesabu insulini, ajue amekula nini na saa ngapi. Ugonjwa huo huo ndio unaopunguza hiyo akili. Halafu sisi tunamwachia dawa mkononi, tunakwenda kazini.

Usiku mmoja mama alijidunga sindano yake ya jioni. Baada ya saa moja akajidunga tena, kwa sababu hakukumbuka ile ya kwanza. Alfajiri tulimkuta amelowa jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Kijimashine kikasoma 2.1. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari kidogo kidogo, alhamdulillahi akarudi. Angekuwa amezimia, kumtia kitu mdomoni ni kumpalia. Huyo anakimbizwa hospitali.

Na sukari ya chini si jambo la kupita na kusahauliwa. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa California wa wagonjwa zaidi ya 16,000: wale waliowahi kulazwa au kukimbizwa hospitali kwa sukari kushuka sana, walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza akili baadaye. Kwa hivyo dawa ya jambo hili si kuikandamiza sukari ya mzee mpaka chini kabisa. Hilo lilijaribiwa Marekani na Kanada kwa watu karibu 3,000, kwa miezi 40. Waliobanwa sana hawakufikiri vizuri kuliko wenzao. Kwa mzee aliyeanza kusahau, madaktari wengi siku hizi wanaridhika na kile kipimo cha miezi mitatu kikiwa chini ya 8, badala ya kumbana afike 6 au 7. Muulizeni daktari wenu kiwango cha mzee wenu ni kipi. Ni haki yenu kuuliza, na msiondoke mpaka mjibiwe.

Kwenye Ramadhani mambo haya yanakuwa mazito zaidi, na wazee wetu ni wagumu, mnawajua. Aende kwa daktari kama miezi miwili kabla, dawa zipangwe. Akiwa amefunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue, hata kama imebaki nusu saa adhana. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, sisi ni nani tumwonee haya?

Mambo mengine nitayapitia haraka. Presha inaharibu mishipa ile ile, kwa hivyo mwenye sukari akitibu sukari na kuiacha presha, ametibu nusu. Sigara hivyo hivyo. Kutembea kunasaidia mishipa, hata kama ni kutoka nyumbani mpaka msikitini na kurudi. Na wale wanaomeza metformini miaka mingi, ombeni mpimwe vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuishusha, na B12 ikishuka mtu anasahau na miguu inamfa ganzi. Hiyo inatibika! Kuna mzee anaitwa mpotevu wa akili kumbe amekosa vitamini.

Kwetu sisi tulibadilisha mambo matatu. Dawa ziko kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku saba, ukikifungua unaona kama amemeza. Insulini anaitunza binti yangu, na kila sindano inaandikwa kwenye daftari hapo hapo. Na hatumwambii mama "si nilikwambia." Hilo la tatu lilitushinda muda mrefu kuliko yote.

Pia nilikwenda kwa wale kina mama wa chama, nikawaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Hesabu tuliipitia pamoja, pesa iliyopotea tukailipa sisi watoto. Wawili walikuja nyumbani kumwomba radhi. Mmoja hajasema neno mpaka leo. Mama ameshasahau ugomvi wenyewe, lakini akimwona njiani anauliza, "Yule mbona hanisalimii?"

Haya. Kijimashine cha kupimia kiko kwenye ile meza ya kulia, na mashine ya presha iko kando yake. Wazee waanze, vijana wawashike mkono. Na mwenye mzee nyumbani ambaye hakuweza kuja, abaki kidogo, nataka kusikia anakula dawa gani na nani anampa.