Kwenda Las Vegas na Watoto Waliokwisha Kuwa Watu Wazima

(Haya ni maelezo ya mada iliyotolewa na mama mmoja mstaafu, aliyefanya kazi benki kwa miaka mingi, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili.)



Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo miaka ishirini iliyopita nadhani lisingeweza kuwa mada katika ukumbi huu. Leo hii, ukizunguka jumuiya ndogondogo zetu, hukosi mzazi mwenye mtoto Marekani. Mtoto anahitimu chuo, au anatimiza miaka 21, au anapata kazi nzuri, kisha anapiga simu: "Mama, wewe na Baba njooni tusherehekee. Tumejipanga kundi zima twende Las Vegas." Mzazi anakosa usingizi. Anajua ule ni mji wa kamari. Akikataa, mtoto ataona amesusiwa furaha yake. Akikubali, je, kwenye jumuiya watasema nini?

Mimi na mzee wangu tulikubali. Mwezi Mei 2024 tulikwenda familia tatu, jumla watu 14, kusherehekea mahafali ya binti yetu wa pili na ya vijana wawili waliosoma naye. Mdogo kuliko wote katika watoto wetu alikuwa na miaka 19, mkubwa miaka 31. Sikusimama hapa kuwashawishi mwende, wala kuwakataza. Wanakamati wameniomba nieleze tulivyojiandaa na yaliyotokea, na wazazi wa kijana mmoja nitakayemtaja, pamoja na yeye mwenyewe, wameniruhusu niseme habari yake bila jina.

Kwanza tuuelewe mji wenyewe. Las Vegas iko jangwani, katika jimbo la Nevada. Ulianza mwaka 1905, viwanja vilipouzwa kwa mnada kando ya reli. Mwaka 1931, wakati wa shida kubwa ya uchumi, jimbo lilihalalisha kamari, na mwaka huohuo ujenzi wa bwawa kubwa la Hoover ulianza umbali wa kilometa kama 50 kutoka hapo. Wafanyakazi wakaja na mishahara yao, na mji ukajua la kufanya na mishahara hiyo. Mpaka leo ndiyo kazi yake.

Ukifika utashangaa uzuri. Maji yanarushwa juu kwa muziki mbele ya hoteli ya Bellagio na hulipi hata senti kuyatazama. Kuna maonyesho ya sarakasi ambayo sijawahi kuona mfano wake. Lakini tazama jinsi hoteli zilivyopangwa. Katika hoteli nyingi kubwa huwezi kutoka mlango wa mbele hadi kwenye lifti, au kwenda kula, bila kupita katikati ya mashine za kamari. Huoni saa ukutani. Huoni dirisha, hivyo hujui kama nje ni usiku au kumekucha. Aliyeketi kucheza huletewa kinywaji bure, anatoa bahshishi tu kwa anayemhudumia. Mimi nimekaa dirishani benki nikihesabu fedha za watu, nawaambieni hakuna biashara inayogawa pombe bure kwa mapenzi.

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu hii ndiyo niliyowafundisha watoto kabla hatujapanda ndege, na ningependa kila mzazi aweze kuifanya kwa peni na karatasi. Kuna mchezo wa gurudumu unaoitwa ruleti. Gurudumu la kawaida kule lina vijumba 38: vyekundu 18, vyeusi 18, na vya kijani 2. Ukiweka dola 1 kwenye rangi nyekundu na mpira ukaangukia nyekundu, unarudishiwa dola yako na nyingine juu yake. Tuchukulie mpira umezungushwa mara 38 na kila kijumba kimepata zamu yake. Umetoa dola 38. Umepata mara 18, mkononi una dola 36. Dola 2 zimebaki mezani. Hakuna aliyekuibia, hakuna uchawi, gurudumu halijachezewa. Ni vile vijumba viwili vya kijani tu. Na siku hizi kuna meza zenye vijumba vitatu vya kijani, mbaya zaidi, na watu wanajaa palepale.

Katika kila dola 100 zinazopita mezani, nyumba inabaki na dola 5 na senti 26 kwa wastani. Mtu atasema ni kidogo. Basi mchukue kijana anayeweka dola 10 kila mzunguko, na tuseme gurudumu linazungushwa mara 40 kwa saa. Dola 400 zimepita, nyumba imebakiza kama dola 21. Akiketi saa sita, ni kama dola 126. Huo ni wastani. Yuko atakayeondoka na faida, nami nimemwona. Mwanangu wa kwanza alishinda dola 85 ndani ya dakika kumi, akasimama, akatununulia wote chakula cha jioni. Nilimshukuru, chakula kilikuwa kizuri, lakini sikumsifu. Ukimsifu mtu kwa mpira kuangukia nyekundu, kesho utamlaumu kwa kuangukia nyeusi, na hakufanya lolote mara zote mbili.

Wiki tatu kabla ya safari tulifanya kikao kwa simu, familia zote tatu. Kilichukua karibu saa mbili. Mzee mwenzetu mmoja alikuwa na msimamo kwamba tuwaambie vijana kwa sauti moja: hakuna atakayecheza. Namheshimu sana, lakini nilipinga. Mtu wa miaka 31 anayelipa kodi yake ya nyumba humwekei amri. Atakuitikia "sawa Baba", kisha saa nane usiku atashuka peke yake kwa lifti. Mtoto mzima unaongea naye fedha waziwazi, mbele ya wenzake na mbele yako, na wewe mwenyewe unataja zako. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana sisi wazazi hatujazoea kuwaambia watoto tuna kiasi gani na tunadaiwa nini.

Tulikubaliana hivi. Kila mtu mzima, mzazi au mtoto, atakuwa na dola 60 taslimu kwa siku zote tatu, na fedha hiyo ihesabiwe kama nauli: imekwisha kutumika. Anayetaka aicheze, anayetaka anunue viatu. Kadi za benki zifungiwe kwenye kasha la chumbani wakati wa jioni. Kifungua kinywa ni saa tatu asubuhi, sote mezani, hata aliyechelewa kulala. Na jambo ambalo sisi wazee tulisisitiza: fedha ya mchango haiingii kasino. Tiketi ya mmoja wa wazazi ilichangwa na ndugu na majirani huku nyumbani. Aliyekuchangia elfu kumi yake alikuchangia ukamwone mwanao.

Kijana wa miaka 19 ana suala lake. Sheria ya Nevada inataka miaka 21 kwa kamari na kwa pombe. Aliye chini ya hapo anaruhusiwa kupita tu, haruhusiwi kukaa kwenye meza, na hata akicheza kwa kujificha akashinda, halipwi. Kwa hiyo kundi linagawanyika kila jioni. Mkiwa na kijana wa namna hiyo, pangeni zamu ya mtu mzima wa kutoka naye, asije akabaki chumbani na televisheni kama aliyeadhibiwa. Sisi zamu hiyo iligombewa kuliko kasino, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kutafuta maonyesho ya bei nafuu.

Kuhusu bei ya vyumba nitapita haraka. Siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Hoteli nyingi huongeza ada yao kwa kila usiku juu ya bei ya chumba. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inazitaka zionyeshe bei kamili tangu mwanzo, kwa hiyo angalieni jumla hiyo. Na msiende Julai. Julai 2024 joto la kule lilifikia karibu nyuzi 49.

Mchana tulikuwa nje ya mji. Mzee wangu alifanya kazi idara ya maji maisha yake yote, na kwake Las Vegas ni bwawa la Hoover, basi. Alisimama juu ya ukuta ule wa mita 221 akawaeleza watoto mambo ya zege mpaka wakaanza kuangaliana. Siku nyingine tulikwenda kwenye miamba myekundu ya Red Rock Canyon, si mbali, tukapiga picha wahitimu wakiwa na majoho yao. Picha zote zilizoko sebuleni kwangu ni za mchana.

Jumapili tulisali Kanisa Kuu la Guardian Angel, lililoko jirani kabisa na hoteli kubwa. Lilifunguliwa mwaka 1963, na aliyelichora ni Paul R. Williams, msanifu majengo Mwafrika wa Marekani aliyejulikana sana. Wageni wamezoea kutia kwenye kikapu cha sadaka vile vibao vya duara vinavyotumika kasino badala ya fedha, na kanisa huvirudisha kasino kubadilisha. Watoto walicheka. Mzee wangu hakucheka, aliuliza kama paroko wetu angepokea. Baba Paroko, sikutazami.

Sasa habari ya kijana. Ana miaka 24, anafanya kazi ghalani, na kila muhula anatuma ada za wadogo zake wawili huku nyumbani. Alikuwepo kwenye kikao cha simu na alikubali kila kitu. Asubuhi ya siku ya tatu hakuonekana mezani saa tatu. Baba yake alipanda chumbani. Walishuka saa nne na nusu, na kijana akasema mbele yetu sote: usiku alitoa dola 1,150 kwa kadi ya mkopo na zote zimekwisha. Akaendelea kusema, bila kuulizwa, kwamba amekuwa akibeti mpira kwenye simu kwa zaidi ya mwaka, na ada ya muhula ule ilikuwa tayari imepungua kabla hatujaonana uwanja wa ndege.

Mama yake alifungua mkoba papo hapo alipe deni limalizike. Baba yake akamshika mkono. Nakubaliana na baba. Deni likilipwa kimyakimya siku hiyo, kilichobaki ni simu ileile na mkeka uleule. Mimi nilifanya kazi yangu ya zamani: niliomba anionyeshe taarifa ya kadi. Fedha taslimu inayotolewa kwa kadi ya mkopo hutozwa ada, na riba huanza siku ileile, tofauti na ununuzi wa dukani. Kwa hiyo deni hilo ndilo la kulipwa kwanza. Aliziondoa programu za kubeti kwenye simu tukiwa mezani. Aliporudi kwake alitafuta kikundi cha Gamblers Anonymous. Vikundi hivyo vilianzia Los Angeles mwaka 1957 na viko katika miji mingi, havitozi ada ya kujiunga. Na aliwapigia wadogo zake yeye mwenyewe kuwaeleza kwa nini ada itachelewa. Simu hiyo ilimtoa jasho kuliko zote. Deni alilimaliza baada ya miezi kumi na mmoja. Mdogo wake mmoja alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili.

Yupo aliyesema kwamba kikao chetu cha simu hakikusaidia kitu. Naona kilisaidia pale kilipotakiwa. Hakikumzuia, lakini kwa kuwa tulikwisha kutaja fedha zetu mbele yake, aliweza kutaja zake siku ileile. Angebaki na siri hiyo mwaka mwingine, ada za nani zingesalia? Na wala tusiisingizie Las Vegas. Vijana wetu hapa hawahitaji ndege wala viza. Mkeka unawekwa kwa simu, ukiwa kijiweni, ukiwa kwenye daladala, na samahani, ukiwa kwenye ibada.

Katekisimu ya Kanisa, kipengele 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati ni dhambi kwa yenyewe. Inasema inakuwa haikubaliki inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine. Ada ya mdogo wako iko hapo.

Hapo mlangoni mjumbe mmoja ameniuliza swali la haki: kama ni hivyo, mbona sisi tunauza tiketi za bahati nasibu kujenga kigango? Wafadhili nao wamewahi kuuliza. Naona ziko tofauti, maana mnunuzi anajua fedha inakokwenda na anaweza kwenda kuyaona matofali. Lakini tofauti hiyo inatakiwa isomeke. Napendekeza tiketi za Desemba ziandikwe idadi ya tiketi zilizochapwa, thamani ya zawadi zote, na kiasi kitakachobaki kwa ujenzi. Na asiuziwe mtoto wala asiuziwe mtu kwa mkopo. Mwenyekiti, hilo naliacha mezani kwa wajumbe walijadili kabla ya kwenda kwa mchapaji. Niko tayari kwa maswali.