Umri wa Mbao

Msikilizaji, pita leo Dar es Salaam, iwe Mbagala, Chamazi, au kule Bunju. Kila penye nyumba iliyovuka linta utamkuta fundi anasubiri mbao za kenchi. Zimeteremka kutoka Mafinga, safari ya zaidi ya kilomita 500, na ukizigusa bado zina maji. Zinapigwa misumari siku hiyo hiyo. Kukauka zitakaukia juu, chini ya bati, na hapo ndipo paa linapoanza kupinda.

Lawama anabebeshwa fundi. Mimi naitazama bei.

Katika shamba la Serikali la Sao Hill, Mufindi, msindano wa kupasua mbao kwa desturi uliachwa ukomae hadi miaka kama 25. Mkulima mdogo wa jirani hana subira hiyo, na simlaumu. Ada ya shule inadaiwa, dalali kishafika, na dingdong, ile mashine ya kupasulia inayohamishwa shamba hadi shamba, iko tayari. Mti wa miaka 10 unaangushwa. Ukifika yadi za Dar, mbao yake ya 2 kwa 4 inauzwa kwa kipande, kama ya mti uliokomaa. Sasa anayesubiri analipwa nini?

Viwanda vya Mafinga vya kumenya magogo vimepata njia nyingine. Gogo jembamba la mkaratusi linazungushwa kwenye kisu, linachunwa tabaka nyembamba, tabaka zinapangwa nyuzi zikipishana, zinatiwa gundi na kukandamizwa kwa joto. Inatoka mbao bapa isiyopinda ovyo, kutoka mti mwembamba. Na sisi tunaifanyia nini? Marine board! Tunaimwagia zege, tunaibandua, tunaimwagia tena, mpaka inaishia jikoni kwa mama ntilie. Yaani mbao iliyotengenezwa kwa ujuzi kuliko zote pale saiti ndiyo isiyobaki ndani ya nyumba.

Zanzibar walitangaza mwaka 2021 mpango wa jengo la ghorofa 28 pale Fumba, mbao za kiwandani zikisaidiana na zege. Sina ugomvi nao. Ila mimi ningeanzia yadi ya Mbagala: mbao igongwe muhuri wa daraja lake, na iliyokaushwa iuzwe ghali kuliko mbichi. Wateja watanung'unika, najua. Lakini yule mkulima wa Mufindi atakuwa na sababu ya kumwambia dalali aende, arudi baada ya miaka kumi.